Siku Kuu za Taifa na Hesabu ya Kazi Zetu

Katika nyumba nyingi za Wakristo kalenda hutundikwa ukutani kabla mwaka mpya haujaingia. Watu huipenda kwa picha yake, na kwa kuwa yaonyesha Jumapili kwa wino mwekundu. Walakini wachache sana huisoma kama wasomavyo barua iliyowaletea habari. Siku kuu za taifa zimechapwa humo, tena kwa wino ule ule mwekundu, nasi twapita mbele yake kila asubuhi, hata siku yenyewe ifike ituambie kwamba benki imefungwa, ofisi ya kata haina mtu, na fundi tuliyemwita aje kuezeka amekwenda kwao. Ndipo tuanzapo kunung'unika kwamba siku kuu zimezidi.

Je, zimezidi? Na tuzihesabu. Tanzania ina siku 11 ambazo tarehe zake hazibadiliki: 1 Januari, Mwaka Mpya, 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, 7 Aprili, ukumbusho wa Sheikh Abeid Amani Karume aliyeuawa mwaka 1972, 26 Aprili, Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964, 1 Mei, siku ya wafanyakazi, 7 Julai, Saba Saba, 8 Agosti, Nane Nane, 14 Oktoba, kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999, 9 Desemba, Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, kisha Noeli yenyewe, na siku ya pili yake. Ziko na nyingine zisizokaa mahali pamoja, yaani Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zifuatazo hesabu ya Pasaka, na Idi el Fitri yenye siku 2, na Idi el Haji, na Maulidi, zifuatazo mwezi mwandamo. Jumla yake ni 17, na baadhi yake kila mwaka humezwa na Jumamosi na Jumapili. Katika siku 365 hesabu hii si kubwa. Shida yetu si wingi wake. Shida ni kwamba twazijua tangu mwaka jana, na hata hivyo zatujia kama mgeni abishaye hodi usiku wa manane.

Tena yafaa kukumbuka kwamba siku kuu ya taifa ina mwenyewe. Wakati wa Wajerumani watu wa nchi hii walisimamishwa kwenye gwaride 27 Januari, kwa ajili ya kuzaliwa kwake Kaiser Wilhelm wa Pili. Walipokuja Waingereza ikawa 24 Mei, siku ya Dola yao, ambayo asili yake ni kuzaliwa kwake Malkia Victoria. Watoto wa shule waliimba na bendera zikapepea, wala hakuna aliyewauliza baba zao kama siku ile ilikuwa yao. Siku tulizo nazo sasa tumejichagulia wenyewe, na kwa hiyo hatupendi kumsikia mtu akiziita siku za hasara. Serikali yenyewe imeonyesha kwamba siku kuu na kazi zaweza kukaa nyumba moja: mwaka 2015, mwezi wa Novemba, Rais John Magufuli alitangaza kwamba 9 Desemba hakutakuwa na gwaride, bali watu watashika mafagio na majembe kusafisha mitaa yao, wakati huo kipindupindu kikiwa kimeingia, na fedha za sherehe zikapelekwa katika kupanua barabara ya Morocco hata Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliahirisha shamrashamra za siku hiyo, fedha zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Wako waliosema kwamba Uhuru bila ngoma si Uhuru. Sisi twaona kwamba jambo lolote litangazwalo mapema, mtu aweza kulipangia, liwe ngoma au fagio.

Basi na tuanze na siku za tarehe, maana ndizo rahisi. Mwaka wa kawaida una majuma 52, na siku 1 yazidi. Kwa sababu ya siku hiyo moja, tarehe iliyokuwa Jumatatu mwaka huu huwa Jumanne mwaka ujao; na 29 Februari ya mwaka mrefu ikiingia katikati, tarehe huruka siku 2. Uhuru wa Tanganyika mwaka 2026 ni Jumatano, mwaka 2027 ni Alhamisi, na mwaka 2028, kwa kuwa ni mwaka mrefu, ni Jumamosi. Mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya hesabu hii kwa vidole, nasi twawaomba waalimu wampe kazi hiyo juma la mwisho la masomo, kwani yafaa kuliko zile hesabu za vitabuni za matangi ya maji yasiyojaa hata siku moja.

Lakini jihadharini na Jumapili. Kwa desturi ya Tanzania siku kuu ikiangukia Jumapili haisogezwi. Muungano wa mwaka 2026 ni Jumapili, na Jumatatu yake watu wamo kazini kama kawaida. Jirani zetu wa Kenya sheria yao ni nyingine: kwao iangukiayo Jumapili huhamia siku ifuatayo isiyo siku kuu. Kwa hiyo mfanya biashara wa Holili au wa Namanga, ambaye mzigo wake wavuka mpaka, hana budi kutundika kalenda 2. Kenya hufunga kazi 1 Juni, siku ya Madaraka, na 20 Oktoba, siku ya Mashujaa, na 12 Desemba, siku ya Jamhuri, ambazo ndizo siku 3 za taifa zilizotajwa katika Katiba yao ya mwaka 2010. Na siku hizo Tanzania yafanya kazi. Vivyo hivyo 9 Desemba yetu ni siku ya kazi kwao. Nao waendao Namugongo, Uganda, kwa ukumbusho wa Mashahidi, na wajue kwamba 3 Juni ni siku kuu ya nchi ile nzima, wala si ya Kanisa peke yake. Atakaye kubadili fedha au kupata huduma ya ofisini afanye hayo siku iliyotangulia.

Sasa habari ya Pasaka. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa 21 Machi au wa baada yake, kwa hesabu ya Kanisa ambayo chanzo chake ni mapatano ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325. Haiwezi kutangulia 22 Machi, wala haiwezi kupita 25 Aprili. Yacheza ndani ya siku 35 tu. Angalieni basi: ndani ya siku hizo imo 7 Aprili, na mlangoni pake imesimama 26 Aprili. Hapo ndipo hesabu za watu wengi huharibika. Mwaka 2011 Pasaka ilikuwa 24 Aprili. Jumatatu yake ikawa 25, na Jumanne 26 ikawa Muungano, hata ofisi zilizofungwa jioni ya Alhamisi Kuu hazikufunguliwa mpaka Jumatano ya juma la pili. Mwaka 2023 mambo yaligeuka: Ijumaa Kuu yenyewe ilikuwa 7 Aprili, siku mbili zikalala kitanda kimoja, na aliyetumaini mapumziko 2 akapata 1. Mwaka 2026 Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Pasaka 5, Jumatatu yake 6, na siku ya Karume Jumanne 7. Ni siku 5 mfululizo.

Siku 5 si kitu kidogo. Mgonjwa anywaye dawa kila siku, naye amebakiwa na vidonge vya siku 2, atafika Jumatatu hali kliniki yake imefungwa. Mwenye kutegemea hati ya ofisi ya serikali ili mwanawe apokelewe shule ataipata Jumatano. Mzee angojaye fedha zake za uzeeni zipitie benki atakula nini? Mwenye nyumba apangaye vema huketi na watu wake juma moja kabla, akauliza maneno haya tu: dawa za nani zakaribia kwisha, ni karatasi gani yahitaji muhuri, na nani anatudai au twamdai nani. Neno la mwisho husahauliwa. Mwenye duka aliyetukopesha unga naye ana siku kuu yake, naye akingoja tarehe tuliyomwahidi, tukamwambia kwamba benki imefungwa, hawezi kuwalisha wanawe neno hilo.

Siku kuu za Kiislamu zina utaratibu wake. Mwaka wao una siku 354 au 355, na kwa hiyo siku zao hurudi nyuma siku 10 au 11 hivi kila mwaka wa kalenda yetu, hata zikaizunguka yote kwa muda wa miaka ipatayo 33. Mwaka 2000 Idi el Fitri ilikuja mara 2, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, mara baada ya Noeli. Majira yake basi yajulikana tangu mbali, ila siku yenyewe haijulikani mpaka mwezi uandame na tangazo litoke jioni. Wako Wakristo walichekao jambo hili, hali Pasaka yao wenyewe yahesabiwa kwa mwezi. Mwenye kupanga kazi asiseme, "Idi ni Alhamisi." Aseme, "Idi ni Alhamisi au Ijumaa," naye asiweke mkutano wala mtihani wala mazishi ya mbali katika siku yo yote ya hizo mbili, ikiwezekana.

Tena huja siku ambazo kalenda haikuzijua kabisa. Jumanne ya 23 Agosti 2022 Serikali iliifanya siku ya mapumziko ili watu wahesabiwe katika Sensa. Jambo kama hilo hutangazwa redioni, na siku hizi kwa simu za mkononi hata kijijini. Lakini mwalimu aliyepanga kumaliza somo lake siku ya mwisho kabisa ya muhula hana pa kulihamishia. Mwaka wa shule katika nchi yetu huwekewa siku 194 za masomo. Anayefundisha kila siku hasikii maumivu makubwa, ila mwenye somo la siku moja kwa juma aangalie sana siku hiyo ni ipi. Mwaka 2026 mwenye Ijumaa hukosa Ijumaa Kuu, kisha 1 Mei ambayo ni Ijumaa pia. Afadhali aseme na mwalimu mkuu Januari kuliko kuwakimbiza watoto Juni.

Mkulima naye tumwambie nini? Mvua haina siku kuu. Pwani na kaskazini masika hunyesha tangu Machi hata Mei, basi Pasaka, na Karume, na Muungano, na siku ya wafanyakazi, zote zaangukia wakati magugu yakimea kwa haraka kuliko mahindi. Nyanda za juu kusini Uhuru na Noeli hukuta watu wakipanda au wakipalilia. Hatumwambii mtu akae shambani siku ya Pasaka, la hasha! Twasema kwamba palizi iliyokusudiwa Ijumaa Kuu ifanywe Jumatatu na Jumanne ya Juma Kuu, na majirani wasaidiane kwa ujima, leo kwa huyu na kesho kwa yule, ili Alhamisi ikute majembe yamekwisha kuoshwa. Ni siku 2 tu za taifa ambazo kwa sehemu nyingi za nchi zamwonea mkulima huruma, nazo ni Saba Saba na Nane Nane, katika kiangazi, ghala zikiwa zimekwisha kujazwa. Saba Saba ni ukumbusho wa kuzaliwa kwa TANU 7 Julai 1954, na sasa ndiyo siku ya maonyesho makubwa ya biashara Dar es Salaam, katika viwanja vya barabara ya Kilwa. Nane Nane ni ya wakulima wenyewe, na maonyesho hufanyika Nzuguni huko Dodoma, na Themi huko Arusha, na viwanja vya John Mwakangale huko Mbeya, na kwingineko. Twasikitika kuona vijana waendao huko hurudi na puto na soda tu. Baba mwenye nauli ya mtu mmoja ampeleke yule ajuaye kuandika, aende na daftari, aulize mbegu ipi yavumilia ukame wa kwao na bei yake ni ngapi, kisha asome majibu nyumbani mbele ya wote.

Sasa twafika mahali ambapo kalamu yetu yaona uzito, maana maneno haya yaingia jikoni mwetu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara, yasema kwamba mtu afanyaye kazi siku kuu ya taifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Sheria hiyo imewaweka kando walio katika Jeshi la Ulinzi, na Polisi, na Magereza, na Jeshi la Kujenga Taifa. Haikumweka kando mtumishi wa nyumbani, wala mchunga ng'ombe, wala mlinzi wa usiku. Wasomaji wetu wengi wameajiri mmoja wa hao watatu, nao hudhani kwamba sheria za kazi ni habari ya viwanda na makampuni.

Na tufanye hesabu. Saa za kawaida kwa juma hazipiti 45. Kwa mwezi huhesabiwa saa 195. Tuseme msichana atusaidiaye nyumbani apata shilingi 195,000 kwa mwezi: saa yake moja ni shilingi 1,000. Siku ya Noeli ameanza kuchambua mchele saa 12 asubuhi, akachinja kuku, akapika, akapokea wageni, akaosha sufuria hata saa 12 jioni. Tuondoe saa 2 za kula na kupumzika, zimebaki 10. Kwa kila saa ni shilingi 2,000. Basi haki yake ya siku ile ni shilingi 20,000. Ni nyumba ngapi kati yetu zimekaa na kuihesabu? Yule mlinzi aliyekesha mlangoni usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, sisi tukiimba kanisani, naye tulimhesabia nini zaidi ya sahani ya pilau?

Jibu tulisikialo mara nyingi ni hili: "Huyu tumemchukua kama mwanetu, mshahara wa siku kuu wa nini?" Ni neno zuri likiwa kweli. Basi kama ni mwana, siku ya Noeli na avae nguo mpya kama wana wengine, aende kanisani kama wana wengine, na sufuria zioshwe na wana wote kwa zamu. Lakini tumeona nyumba ambamo watoto 6 wenye afya wamelala mikekani kwa shibe, na yule "mwana" wa saba peke yake yuko uani na majivu na dufu la nazi. Huyo si mwana. Ni mfanya kazi, na saa zake zahesabika.

Tena liko jambo la ibada. Katika nyumba nyingi mpishi wa Noeli ni yule yule asiyeiona Noeli, akiwa ni mtumishi au akiwa ni mama mwenyewe wa nyumba. Nalo hupangika kwa urahisi mno, maana parokia nyingi zina ibada ya mkesha na ibada ya asubuhi. Waendao mkesha wabaki asubuhi na kuangalia moto. Waliobaki usiku waende asubuhi. Nyama ikatwe na viungo vitwangwe tarehe 24 mchana, na baba wa nyumba asione haya kutwanga. Chakula kikichelewa saa moja mgeni hafi.

Wenye mishahara ya mwezi nao wana somo lao, tena ni la likizo. Sheria ile ile yampa mtu likizo ya mwaka ya siku 28 zifuatanazo, na siku kuu za taifa zilizomo ndani yake zahesabiwa pamoja nazo. Aanzaye likizo 1 Desemba 2026 atamaliza 28 Desemba, na humo amezika Uhuru, na Noeli, na siku ya pili ya Noeli, siku 3 ambazo angepumzika hata bila likizo. Haimaanishi kwamba amekosea. Wachaga waendao Kilimanjaro kwa Noeli na watu wa Bukoba wenye safari ndefu kwenda kwao wana sababu zao, na mama mzee angojaye wajukuu hapimwi kwa siku 3. Lakini asiye na safari, aombaye Desemba kwa kuwa wenzake wameomba Desemba, afanye hesabu kwanza. Na aendaye, akate tikiti mapema, aweke kando ada ya shule ya Januari kabla hajanunua mbuzi.

Lakini mtu ambaye siku kuu yaweza kumuumiza kuliko wote ni kibarua wa kutwa. Mwenye mshahara wa mwezi hulala Jumatatu ya Pasaka na mshahara wake haupungui. Kibarua akilala, hapati. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge zamani za Waingereza walikuwa na kadi ya siku 30, kila siku ya kazi ikatiwa alama, na siku isiyo na alama haikuwa siku. Kadi zile zimekwisha, ila desturi yake bado twaiona kwa wajenzi wetu, na wabeba matofali, na akina mama wapaliliao mashamba ya watu. Twamwambia Alhamisi jioni, "Siku kuu, mrudi Jumatano," naye akaenda nyumbani akiwa na fedha za siku moja ya kazi na siku 5 za kula. Hajaibiwa, hakuambiwa tu. Aliyeambiwa majuma 2 kabla aweza kutafuta kazi nyingine ya siku hizo, au kukubaliana nawe aongeze kazi ya kipande jioni za juma lile, au kulima shamba lake lililomngoja. Na mwenye kazi asimwache aondoke bila ujira, kwa sababu eti fedha ziko benki na benki imefungwa. Alijua tangu Januari kwamba itafungwa.

Ziko kazi ambazo hazifungwi. Ng'ombe hakamuliwi jana kwa ajili ya leo. Mama mwenye uchungu hangoji tarehe 27. Kivuko cha Kigamboni, na mitambo ya umeme, na wodi za wagonjwa, na mabasi, vyote vina watu ndani siku ya Noeli kama siku nyingine. Mahali pa namna hii ugomvi wa siku kuu huanza na swali hili: nani atabaki? Nao msimamizi asiyeandika mapema humbakiza asiyejua kusema, yaani mgeni wa kazi, au mjane, au asiye na mtoto, kana kwamba asiye na mtoto hana kwao. Mwaka baada ya mwaka ni yule yule.

Tunajua zahanati moja ya mission, jina lake hatulitaji, ambapo ugomvi huo ulikuwa mkubwa hata waganga na wauguzi hawakusalimiana. Sasa wana daftari. Juma la kwanza la Januari hukaa wote pamoja, waliosoma sana na wafagiaji, wakaandika siku zote 17 kushuka chini, na kando ya kila siku majina. Aliyebaki Noeli iliyopita habaki Noeli hii. Aliyebaki Pasaka huchagua wa kwanza siku yake ya Desemba. Wauguzi wao Waislamu ni wawili, nao walisema wenyewe kwamba watashika Noeli na Ijumaa Kuu, ili siku za Idi Wakristo wawashikie. Wala hapana aliyewalazimisha, na kila mmoja aliyeshika alihesabiwa saa zake kama sheria isemavyo. Siku za tarehe na siku za Pasaka zimeandikwa kwa wino. Idi zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, na majina mawili kwa kila moja, la Alhamisi na la Ijumaa, mpaka jioni mwezi utakapoonekana. Kisha mmoja wao huja na kifutio, akafuta jina lisilotakiwa, akampigia simu mwenzake amwambie alale.